Waridi, asumini au plastiki? Shada la bibi harusi katika joto la Januari

Swali: "Shikamoo mama. Naolewa Jumamosi ya mwisho ya Januari hapa Tanga. Ndoa itafungwa baada ya alasiri nyumbani kwetu Chumbageni, picha tutapiga kando ya bahari Raskazone, na saa tatu usiku naingia ukumbini. Nimependa picha moja niliyoiona kwenye simu: shada kubwa la haidrenjia nyeupe na mawaridi ya rangi ya maziwa. Mpambaji mmoja kaniambia Tanga maua hayo hayadumu, nichukue ya plastiki tu. Shangazi anasema mawaridi yaagizwe Arusha mapema, yatiwe friza hadi siku yenyewe, na maji yake yatiwe sukari na vidonge vya aspirini. Bibi yangu hataki kusikia yote hayo, anasema bibi harusi wa Kitanga ni asumini. Mjomba naye, mtu wa Amani, ananiuliza kwa nini nisishike ua la Usambara linalojulikana dunia nzima. Harusi ya dada yangu mwaka juzi, shada lilikuwa limeinamisha vichwa kabla ya magharibi, na mimi naogopa yasinikute hayo. Halafu mama mkwe wangu ana pumu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeuliza mengi, lakini yote yamezaliwa na hofu moja, nayo ni lile shada la dada yako. Basi nianze hapo, maana ukishajua lilikufa kwa nini, mengine utaweza kuyaamua mwenyewe hata shangazi na bibi wakiendelea kubishana.

Watu wengi hapa mjini huamini ua la harusi hufa kwa joto. Joto lina lake na nitalifikia, lakini mara nyingi ua hufa kwa kiu. Likishakatwa bado li hai: linapumua, linaendelea kufunguka, na majani na petali zake zinapoteza maji hewani muda wote. Ndani ya shina mna mirija myembamba inayopandisha maji, na nguvu ya kuyapandisha inatoka juu: kila jani linapopoteza maji, huyavuta mengine kutoka chini. Kwa hiyo maji yaliyomo shinani yamevutwa wakati wote. Kisu kikikata shina likiwa hewani, kinachovutwa sasa ni hewa. Kiputo kidogo kikiingia mrijani, njia imezibwa, na hapo waweza kulisimamisha ua kwenye ndoo iliyojaa, maji yakalifika shingoni, nalo likaendelea kunyauka.

Kizibo cha pili ni bakteria. Ndoo iliyotumika juzi ikasuuzwa juu juu, maji ya jana, majani yaliyoachwa yaoze chini: vyote hivyo hutengeneza ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo, na utelezi huo huo huenda kuziba midomo ya mirija. Ndipo waridi linapoinamisha kichwa. Petali zake ni nzima, rangi iko pale pale, lakini shingo, ambayo ndiyo sehemu laini kuliko zote za shina, imekosa maji ya kuisimamisha. Kwa unavyolieleza shada la dada yako, ni hilo hasa lililotokea. Huenda maua yenyewe yalikuwa mazuri kabisa.

Sasa joto. Ua likiwa katika joto hupumua haraka na kula akiba yake haraka. Kila nyuzi joto 10 zinapoongezeka, kasi hiyo hupanda mara mbili hadi tatu. Mawaridi ya mashambani huwekwa katika vyumba vya baridi vya nyuzi 2 hadi 4, nasi Januari mchana tunagusa 32. Ukipiga hesabu utaona kwamba siku moja ya joto letu hula umri wa wiki moja hivi, au hata zaidi, ya chumba cha baridi. Ongeza na kaskazi inayovuma mwezi huo pale Raskazone. Upepo ule unakausha petali kuliko hata jua lenyewe, na watu hawaudhanii kwa sababu unaburudisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua ua, hesabu saa. Shada lako litakaa saa ngapi bila maji? Watu watakwambia kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku, saa nane nzima. Si kweli. Wakati wa kufungwa ndoa wewe uko ndani na wanawake, hakuna anayekuona na hakuna sababu ya kushika shada. Utalihitaji kwenye picha, tuseme kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi jua lizame, ambalo mwezi huo huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Kisha unarudi kuvaa na kupambwa upya, unalihitaji tena saa tatu. Hivyo una vipande viwili, saa moja hivi kwanza na saa tatu baadaye, na katikati lipo pengo zuri ambalo shada linaweza kunywa. Ua ambalo haliwezi saa nane linaweza kabisa vipande hivyo viwili. Mpigapicha akikuomba mwanze saa tisa na nusu kwa sababu ya mwanga, mkatalie. Mwanga wa saa hiyo bado ni mkali, haufai uso wako pia.

Nije kwenye ushauri wa shangazi, na umfikishie kwa adabu. Friza hapana kabisa. Petali imejaa maji, na maji yakiganda hupasua vyumba vidogo vilivyomo ndani yake. Ukilitoa waridi friza asubuhi litaonekana zima kwa dakika chache, kisha linageuka la kimajimaji na kahawia. Friji ya kawaida inaweza kusaidia mawaridi usiku mmoja, kwa sharti moja ambalo Januari ni gumu nyumbani kwa mtu: isiwe na tunda hata moja. Embe, ndizi na papai zikiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, hiyo hiyo inayoivisha matunda mengine yaliyofunikwa pamoja nayo. Kwa ua, gesi hiyo ni amri ya kuzeeka. Kanesheni hujikunja zikalala, jipsofila, vile vijiua vidogo vyeupe vya kujazia shada, hunyauka, na baadhi ya mawaridi hudondosha petali. Moshi nao una ethilini, kwa hiyo chetezo cha udi kisifukizwe katika chumba yalimo maua. Fukizia nguo zako chumba kingine, maua yabaki na dirisha lake.

Sukari peke yake ndani ya maji ni kosa ambalo nimelikuta hata kwa wapambaji. Ni kweli ua linahitaji chakula, lakini bakteria wanakihitaji zaidi, na ukiwatilia sukari bila kitu cha kuwazuia umewafanyia karamu wao. Kwa lita moja ya maji weka kijiko kidogo cha sukari, vijiko vidogo viwili vya maji ya ndimu, na matone machache ya jiki. Jiki itangulie kuchanganywa na maji mengi ndipo ndimu ifuate. Usikutanishe kamwe jiki kali na ndimu vikiwa vitupu, maana hutoa hewa inayochoma kifua, na nyumbani kwenu mna mtu wa pumu anakuja. Aspirini sijaona ikiongeza chochote ambacho ndimu haijafanya. Acha vidonge viwe vya kichwa cha shangazi siku ya harusi.

Haidrenjia niseme wazi: iache. Najua ndiyo iliyokupendeza kwenye picha. Lakini kile kichwa kikubwa ni mamia ya vijiua vyenye uso mpana wa kupoteza maji, kimekaa juu ya shina ambalo likikatwa hutoa utomvu mzito unaoziba lenyewe. Ikiwa ndani ya chombo cha maji, mezani, inapendeza, na ikilegea unaweza kuizamisha kichwa chote majini kwa nusu saa ikaamka, kwa sababu hunywa hata kwa petali. Mkononi bila maji, upepo wa bahari ukiipiga, nyeupe yake huwa ya kwanza kuonyesha kingo za kahawia. Picha uliyoiona huenda ilipigwa nchi ya baridi, na huenda shada lilitolewa majini dakika tano kabla ya picha. Ukitaka ule ujazo wa mviringo mweupe, kuna njia nyingine nitakayokutajia.

Waridi linawezekana. Waridi jeupe au la maziwa, lenye petali nene, lililotunzwa vizuri, linastahimili vipande vyako viwili bila shida. Mengi tunayoyapata Tanga hutoka mashamba ya upande wa Arusha, kwenye miteremko ya Meru na Usa River, safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Mambo mawili hapa. La kwanza ni tarehe: mwisho wa Januari mashamba yanajiandaa kwa soko la Ulaya la tarehe 14 Februari, na mara nyingi mawaridi mazuri huelekea huko na bei ya yanayobaki hupanda. Agiza mapema, ukubaliane rangi mbili na si moja. La pili ni basi. Boksi la maua likiwekwa kwenye buti karibu na injini, juu ya magunia ya vitunguu na tenga la ndizi mbivu, unapokea maua yenye umri wa bibi yangu. Mpambaji makini humlipa konda kidogo boksi likae juu, kivulini, mbali na matunda.

Yakifika, lishike waridi moja chini ya kichwa, pale petali zinapoungana, ulibinye taratibu kwa vidole viwili. Likiwa gumu kiasi, kama ncha ya pua yako, ni zuri. Likibonyea, limezeeka hata kama limefunga macho. Petali mbili tatu za nje zenye michubuko au ukijani zisikutie hofu, hizo ni walinzi na hubanduliwa. Lililofumba kabisa nalo ulikatae, kwa sababu waridi lililokatwa changa sana huweza kunyauka bila kufunguka hata siku moja.

Yaje Alhamisi, si Jumamosi asubuhi. Yanahitaji usiku mzima wa kunywa, na hapa ndipo ule uchawi wote ulipo. Ndoo ioshwe kwa sabuni na jiki. Majani yote yatakayozama yatolewe. Shina likatwe tena sentimita 2 au 3 likiwa ndani ya maji, kwa kisu kikali, kwa mshazari, ili kile kipande chenye kiputo cha hewa kiondoke na mahali pake paingie maji. Mkasi butu wa jikoni hubana mirija, usiutumie. Maji yawe ya vuguvugu, kwa kuwa hupanda haraka na yana hewa kidogo kuliko ya baridi. Kisha ndoo ikae chumba cha giza kidogo, chenye ubaridi, feni isiyapige maua. Ukitaka kujua kama yamekunywa, lishike shina katikati, ulilaze. Kichwa kikibaki sawa na shina, limeshiba.

Kabla hujaishia kwenye mawaridi matupu, geuza macho Lushoto. Kule ni mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, kilomita 33 za kona kutoka Mombo, na baridi yake hustawisha kala, lile ua jeupe lililojikunja mara moja tu. Kala ina shina nene la sifongo lililojaa maji, na hukaa mkononi saa kadhaa bila kulalamika. Kala saba au tisa peke yake, zimefungwa kwa utepe, ni shada kamili. Mimi binafsi nalipenda kuliko shada lolote la mawaridi, lakini wewe ndiye unayeolewa. Ukitaka mviringo uliojaa, waambie wachanganye mawaridi kumi na tano hivi na kanesheni nyeupe, ambazo zikifungwa karibu karibu macho hayatofautishi sana na haidrenjia, nazo huvumilia kiu ajabu, ilimradi zisikae na embe. Okidi nazo ni ngumu na zimezoea joto, ila ni ghali, na zisiwekwe friji: maua ya nchi za joto huungua kwa baridi.

Majani usiagize mbali. Muheza na Amani kuna midalasini, na vitawi vyake vina majani magumu yenye kung'aa ambayo hayajui kunyauka siku moja, na ukiyagusa yananukia. Kuna michungwa pia. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa taji la maua ya mchungwa, na kwa miaka mingi baadaye maharusi wa Ulaya waliyatafuta hata kwa kutengeneza ya nta. Sisi tumezungukwa na michungwa kuanzia Muheza hadi Kabuku tunaagiza majani ya mapambo kutoka mbali! Ila miba yake itolewe mmoja mmoja.

Tufike kwa bibi. Bibi ana haki, na wewe una haki, kwa sababu mnazungumzia vitu viwili. Asumini haina shina la kushika. Ua lake hukaa juu ya kijineli kifupi, ukiligusa hovyo linachomoka, na kesho yake asubuhi limegeuka rangi. Haliwezi kuwa shada la mkononi. Lakini lina saa yake, na kwa bahati saa hiyo ni yako: tumba huchumwa jioni zikiwa zimefumba, hufunguka usiku unapoingia, na harufu hupanda hapo hapo. Waridi la shambani, lililozalishwa lidumu safarini, mara nyingi halinukii kabisa. Basi mpe bibi kazi. Tumba zichumwe au zinunuliwe baada ya alasiri, zifungwe ndani ya kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, zikae kwenye kikapu kivulini. Kwenye friji la. Magharibi akina bibi wakae na sindano na uzi, wapitishe sindano kwenye kijineli, kamwe si katikati ya ua, watunge uzi mrefu. Nusu yake iwe kikuba chako cha nywele pamoja na rihani na vilua kama vipo. Nusu nyingine izungushwe kwenye mpini wa shada, juu ya utepe, pale mkono wako unaposhika. Saa tatu unapoingia ukumbini tumba zitakuwa zimefunguka, na joto la kiganja litazidi kuitoa harufu. Hapo hakuna atakayeuliza kama wewe ni bibi harusi wa Kitanga.

Mjomba naye hakukosea kujivuna. Ua analolisema ni Saintpaulia. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa huku kwetu, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia hiyo. Leo linapandwa madirishani duniani kote. Ila ni ua la chunguni: kikonyo chake ni kifupi kuliko kidole, majani yana manyoya yanayoweka madoa yakipata maji baridi, na likikatwa halifiki popote. Tena lile la porini lisiguswe, misitu ya Amani ni hifadhi na aina kadhaa za ua hilo ziko hatarini. Mwambie mjomba akununulie ya vyungu yaliyooteshwa bustanini, yakae juu ya meza ya wazee ukumbini. Wageni wa mbali watauliza, na yeye atapata kusimulia usiku kucha.

Kuhusu plastiki, mpambaji wako hajasema uongo, amesema lililo rahisi kwake. Mimi siyachukii maua ya bandia. Juu ya tao la jukwaani, mita tatu kutoka macho ya mtu, karibu na taa za moto, hayo ndiyo yanayofaa, na ukiyakodi unaokoa fedha nyingi. Mkononi ni habari nyingine. Kamera za siku hizi zinaonyesha mshono wa petali na vumbi lake, na mtu akija kukupongeza anakuta hakuna harufu wala ubaridi. Kama bajeti inabana, punguza ukubwa wa shada kabla ya kupunguza uhai wake. Shada dogo pia ni jepesi. Lile la mawaridi arobaini, likiwa na maji ndani yake, litakuchosha mkono ndani ya nusu saa, utaanza kulishusha, na picha zote utaonekana umebeba mzigo.

Sasa jambo ambalo mabibi harusi hawaulizi, na kwangu ni muhimu kuliko aina ya ua: shada linafungwaje? Kuna wapambaji wanaokata shina lote, wakachomeka waya kichwani na kuuviringisha utepe wa kijani. Linatoka zuri, jepesi, lakini halina pa kunywea, na mwisho wake umeshapangwa. Kuna la kushika lenye sifongo iliyoloweshwa ndani ya mpini. Hilo linafaa joto letu, ingawa ni zito na likifinywa huweza kudondosha maji kwenye gauni. Na kuna la mkono, mashina yote yapo, yamepishana kwa mzunguko na kufungwa sehemu moja tu. Chagua hili. Ukimaliza picha unalisimamisha kwenye jagi, linakunywa hadi saa mbili na nusu, mtu analifuta mashina kwa taulo kavu, anabana uzi wa asumini, unaondoka. Mteue mtu mmoja wa kazi hiyo, asiwe mama yako, maana mama siku hiyo hatakumbuka hata viatu vyake. Garini kiyoyozi kisielekezwe kwenye maua. Ubaridi ni mzuri, ule upepo mkavu ndio mbaya. Wakikuwekea maua ya lilia kwenye shada, zile ncha za katikati zenye unga wa rangi ya chungwa zitolewe zote kabla, na unga ukiangukia gauni usiupanguse kwa maji wala mkono, ubandue kwa selotepu.

Kuna maonyo matatu, na haya siyasemi kwa mzaha. Mawaridi ya mashamba ya biashara hupigwa dawa za wadudu na ukungu, yanalimwa ya kutazamwa. Yakibaki, petali zake zisiingie kwenye singo ya kusugulia mwili, wala kwenye maji ya kuoga, wala juu ya keki. Kwa singo tafuta waridi la uani kwa mtu ambaye hapigi dawa. La pili, oleanda, ule mti wa maua meupe na ya rangi ya waridi uliopandwa kwenye nyua nyingi hapa mjini. Kwa sura unatamanisha, na wapo wanaouchuma kujazia mapambo. Kila sehemu yake ina sumu inayoshambulia moyo. Usiingie kwenye shada, meza ya chakula, wala mahali watoto wanapookota. Mtoto akiutafuna, apelekwe hospitali papo hapo, na tawi lake lichukuliwe waganga walione. Msimtapishe nyumbani wala kumnywesha maziwa mkisubiri.

La tatu ni mama mkwe. Chavua ya waridi na kala ni nzito, haipeperuki sana. Harufu kali ndiyo inayoweza kumbana mtu wa pumu, na moshi wa udi ni mbaya zaidi ya maua yote niliyoyataja. Kwa hiyo asumini ibaki mwilini mwako na si makoja ukumbi mzima, udi ufukizwe mapema na madirisha yafunguliwe kabla hajaingia, naye akae upande upepo unakotoka. Ila mimi ni mtu wa maua. Aende kwa daktari wake wiki kadhaa kabla, aeleze kuna shughuli ya usiku yenye manukato na watu wengi, na siku hiyo dawa yake ya kuvuta iwe mkobani mwake, isiachwe nyumbani. Akiona kifua kinabana na dawa haimtulizi, hospitali, harusi itaendelea.

Mwisho, usiamue haya yote kwa simu. Wiki tatu kabla, nenda mwenyewe kwa mpambaji, mchana, na uombe kuiona ndoo anayowekea maua. Ingiza kidole ndani. Nunua mawaridi mawili, kanesheni mbili na kala moja kama zipo, zinyweshe usiku mmoja kama nilivyoeleza, kesho yake saa kumi na moja na nusu zifunge, zishike utembee nazo ufukweni saa moja, zirudishe majini, saa tatu zitoe tena hadi saa sita. Litakaloinama, liondoe kwenye orodha. Muulize mpambaji maua yanafika siku gani, anafunga kwa waya au kwa mashina, na basi likichelewa ana mpango gani. Asiyeweza kujibu hilo la mwisho, tafuta mwingine mapema, kabla hujamlipa malipo ya awali.